Moto, Taa na Mita: Gharama za Nishati katika Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa

Historia ya umeme nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa upande wa kampuni: mtambo uliletwa mwaka fulani, kampuni mbili zikaungana, bwawa likajengwa, nguzo zikasogea mashambani. Masimulizi ya namna hiyo yana faida yake, lakini huliacha kando swali ambalo mwenye nyumba wa Mombasa alikuwa nalo kabla ya mtambo wowote kufika kisiwani, nalo ni namna ya kupika, kupata mwanga na kupata nafuu ya joto bila fedha ya matumizi kuteketea pamoja na moto wenyewe. Swali hilo linafuatwa hapa katika Mji wa Kale, yaani upande wa mashariki wa kisiwa unaoanzia Ngome ya Yesu na kuambaa na Bandari ya Kale, wenye mitaa kama Kibokoni, Makadara na Kuze pamoja na barabara ya Ndia Kuu. Wataalamu wa nishati hupenda kuchora ngazi ambayo kaya huipanda kutoka kuni hadi makaa, kisha mafuta ya taa, kisha gesi, na mwishowe umeme. Mji wa Kale haukupanda ngazi hiyo. Ulijiwekea mioto kadhaa kwa wakati mmoja na kuitumia kwa zamu, kila mmoja kwa kazi yake na kwa bei yake ya siku hiyo, huku akiba kubwa kuliko zote ikiwa imejengwa ndani ya kuta za nyumba.

Kuta hizo ndizo pa kuanzia. Nyumba ya zamani ya mawe ilijengwa kwa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na mabaki ya viumbe vya baharini, yakashikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa hiyohiyo, na unene wa ukuta uliweza kufikia nusu mita. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo lililopangwa kwa ustadi, moto ukaachwa uwake hadi mawe yageuke unga, hivyo kuni nyingi ziliteketea kabla nyumba haijatiwa mlango. Jambo hilo halitajwi sana na wanaosifu usanifu wa pwani, ingawa lina uzito katika hesabu yoyote ya nishati: nyumba ya mawe ilikula moto wake mara moja tu, siku za ujenzi, kisha ikawahifadhi wakazi wake dhidi ya jua kwa vizazi kadhaa bila kudai kuni nyingine. Ukuta mnene hupokea joto la mchana polepole, na kabla halijapenya hadi ndani, jua huwa limekwisha kushuka. Dari nayo ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake uliuwekea upana wa chumba mpaka wa mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vilikuwa virefu na vyembamba.

Mpangilio wa mji ulikamilisha kazi ya ukuta. Vichochoro vyembamba viliziwezesha nyumba kutiliana kivuli, hivyo jua liligusa uso wa jengo kwa saa chache tu za siku. Nyumba ya kawaida ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi uliopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na milango yote miwili ikiwa wazi, upepo wa kusi au wa kaskazi ulipita moja kwa moja. Nyumba za ghorofa za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, nyingi zikiwa zimeathiriwa na ladha ya Kihindi, ziliongeza roshani za mbao na madirisha yenye mbao za kupishana, yaliyoruhusu hewa kuingia huku yakizuia jua na macho ya wapita njia. Usanifu huo nao ulikuwa na kasoro yake. Ukuta uliopokea joto mchana uliligawa ndani usiku, na katika miezi ya Februari na Machi, joto linapofikia kilele huku kaskazi ikilegea, watu walitoka kulala barazani au roshani. Hata hivyo kutoka nje hakukuwa na bei, na kipepeo cha ukili, yaani majani ya mkindu yaliyosukwa, kilidumu miaka.

Mwanga ulikuwa na gharama tangu mwanzo, nayo ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Taa za zamani zilitumia mafuta ya nazi au uto, yaani mafuta ya ufuta, ambayo yote mawili yalikuwa chakula; kila saa ya mwanga iliondoa kitu jikoni. Ndiyo maana mafuta ya taa, yanayotokana na petroli ghafi, yalipoanza kuingia pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, yalipokewa kama ukombozi wa jikoni kabla ya kuonekana kama alama ya usasa. Kampuni ya Shell ilianza shughuli zake za Afrika Mashariki mwaka 1900, ikiwa na makao Zanzibar, kwa kuingiza mafuta hayo katika madebe, kila debe likibeba takriban lita 18. Debe tupu halikutupwa: lilichotewa maji, likapimiwa nafaka na makaa, likakatwa kuwa koroboi, ile taa ndogo ya bati yenye utambi na moshi mwingi.

Kaya moja iliweza kuwa na taa za daraja tatu. Koroboi iliwashwa jikoni na msalani, kwa kuwa ilinyonya mafuta kidogo na hakuna aliyeuonea haya moshi wake mahali hapo. Taa ya chemni, yenye kioo cha kukinga mwali, iliwekwa ukumbini. Na karabai, taa ya kutia pampu ambayo mafuta yake hugeuka mvuke na kukiwasha kitambaa maalumu kwa mwanga mweupe mkali, ilitolewa siku ya arusi, maulidi au kisomo, mara nyingi kwa kuazimwa au kukodishwa. Mpangilio huo ni mfumo kamili wa kudhibiti matumizi, na msingi wake ni kanuni ambayo washauri wa nishati wa leo huitangaza kana kwamba ni mpya: mwanga ulingane na kazi. Udhaifu wake ulikuwa katika ununuzi. Asiye na fedha ya debe zima alinunua kwa chupa au kwa kipimo kidogo cha dukani, na bei ya kipimo kidogo, ukiikokotoa kwa lita, ilizidi ya debe, hivyo maskini alilipia mwanga uleule kwa bei ya juu zaidi. Tatizo hili litarudi katika kila sura ya historia inayofuata.

Katika upishi ndiko ustadi wa kubana matumizi ulikoonekana zaidi. Kuni zilikokwa kati ya mafiga uani, na makaa yalitumika katika seredani, jiko la udongo au la chuma linaloweza kubebwa kutoka uani hadi ukumbini mvua inaponyesha. Mpishi wa Mombasa aliyataka makaa si kwa sababu ya joto tu, bali kwa sababu yanaweza kugawanywa. Wali wa nazi au pilau ulipokaribia kukauka, sehemu ya makaa iliondolewa chini ya sufuria na kuwekwa juu ya kifuniko, kitendo kinachoitwa kupalia, ili wali uive kwa joto la juu na la chini bila kuungua na bila kuongeza kaa jipya hata moja. Mkate wa sinia uliokwa kwa njia hiyohiyo, bila tanuri. Mkate wa mofa, unaookwa ndani ya chombo cha udongo kilichotiwa moto hadi kuta zake zenyewe zikawa moto wa kuokea, ulitegemea joto lililohifadhiwa, na ndiyo maana uliokwa mwingi kwa pamoja mara mofa ilipokwisha kupata moto.

Makaa yaliyobaki baada ya chakula cha usiku hayakuzimwa bure. Mbaazi zilizolowekwa mchana ziliweza kuinjikwa juu yake zichemke taratibu, ili asubuhi kibakie kukaanga mahamri na kutia tui tu, na makaa mawili matatu yalihamishiwa chetezoni kufukizia udi au kutiwa katika pasi ya makaa kunyoshea kanzu ya Ijumaa. Moto mmoja ulilisha, ulinukisha na ulinyosha nguo. Ni kosa kuuita utaratibu huu desturi ya kizamani na kupita. Kwa hesabu ya nishati, ni matumizi ya joto moja kwa kazi nne, jambo ambalo viwanda vikubwa hulipia wahandisi kulibuni.

Umeme uliingia katika mji uliokwisha kuwa na mpangilio huo. Masimulizi rasmi ya kampuni ya umeme ya Kenya yanasema kwamba Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alipata jenereta mwaka 1875 kwa ajili ya kumulika kasri lake na mitaa ya karibu, na kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua na kuihamishia katika kampuni ya umeme ya Mombasa. Tarehe ya kwanza inastahili kutazamwa kwa jicho la mashaka. Balbu ya utambi ya Thomas Edison ilionyeshwa hadharani mwaka 1879, na kasri la Beit al-Ajaib, linalotajwa kwa kawaida kuwa jengo la kwanza katika eneo hili kupata taa za umeme, lilijengwa mwaka 1883. Taa za tao, ambazo cheche huruka kati ya vijiti viwili vya kaboni, zilikuwapo mapema zaidi, kwa hiyo mwaka 1875 si muhali, lakini unaelekea kuwa umerudishwa nyuma na kumbukumbu ya kampuni inayopenda kuwa na asili kongwe. Mwaka 1908 ndio wenye uzito: ni mwaka huohuo ambapo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kuusambazia umeme mji wa Nairobi, na mwaka 1922 shughuli za miji hiyo miwili ziliunganishwa chini ya East African Power and Lighting Company.

Mombasa haikupitia hatua ya gesi ya mabomba. Katika miji kama London na Bombay, gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe ilimulika barabara katika karne ya 19 na baadaye ikaingia majikoni kwa mabomba, hivyo kaya za huko zilipokea ankara za gesi kabla ya ankara za umeme. Mji wa Kale ulitoka kwenye debe ukaingia kwenye waya, na gesi iliyokuja baadaye ilikuja kwa mitungi, si kwa mabomba.

Badiliko lililoletwa na waya halikuwa la mwanga peke yake. Mwenye debe aliona mafuta yakishuka na akajua lini apunguze utambi. Mwenye mita alitumia kwanza, kisha mwisho wa mwezi akaletewa karatasi inayomwambia alichokwisha kutumia. Deni la moto lilikuwa jambo geni. Kaya nyingi zilizounganishwa zilijibu kwa kuufungia umeme katika kazi moja, yaani taa, na kuuacha upishi kwenye seredani, kwa kuwa jiko la umeme lingefanya ukubwa wa ankara usitabirike. Tabia hiyo imedumu. Hata leo, katika nyumba yenye umeme usiku na mchana, ni nadra pilau ya arusi kupikwa kwa kitu kingine isipokuwa kuni au makaa.

Bei ya umeme wenyewe iliamuliwa na chanzo chake, na kwa muda mrefu chanzo cha Mombasa kilikuwa mafuta. Ng'ambo ya maji, upande wa magharibi wa kisiwa, kituo cha mvuke cha Kipevu kilianza kazi katika miaka ya 1950 kikichoma mafuta mazito, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Changamwe. Wakati bara lilipojenga mabwawa ya mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, hadi Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere katika miongo miwili iliyofuata, pwani iliunganishwa hatua kwa hatua na gridi ya taifa, yaani mtandao mmoja wa nyaya kubwa unaochanganya umeme wa vituo vyote. Muungano huo ulipunguza utegemezi wa mafuta lakini ulileta utegemezi mwingine: mvua za nyanda za juu zikikosekana, mabwawa hupungua, mitambo ya mafuta huwashwa, na mkazi wa Kuze hulipia ukame uliotokea kilomita mamia kutoka nyumbani kwake. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulileta mgao mkali nchini kote, na katika miaka hiyo na iliyofuata mitambo mipya ya dizeli ilijengwa Kipevu, wa mwisho na mkubwa kuliko yote, wenye megawati 120, ukikamilika mwaka 2011.

Njia inayoupeleka ukame huo hadi kwenye ankara ni tozo ya gharama ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi kulingana na kiasi cha mafuta kilichochomwa na bei yake. Karibu nayo huwapo marekebisho ya thamani ya shilingi, marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya usambazaji wa umeme vijijini ya asilimia 5, ada ndogo za mamlaka za udhibiti na za maji, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mtu anayezima taa moja hupunguza kiasi alichotumia, lakini sehemu ya bei ya kila kipimo hupangwa na vitu visivyofikiwa na swichi yoyote. Hili ndilo jambo ambalo kampeni za kuhimiza watu wabane matumizi hulinyamazia. Njia kubwa ya umeme kati ya Mombasa na Nairobi, iliyokamilika katika muongo uliopita, ilikusudiwa kuifikishia pwani umeme wa jotoardhi wa Olkaria, yaani umeme unaotokana na mvuke wa ardhini, ili mitambo ya mafuta ipumzike. Nafuu ya namna hiyo ina maana kubwa kwa kaya kuliko balbu zote za mtaa.

Balbu nazo zina sehemu yake. Mwaka 2010 kampuni ya umeme iligawa balbu ndogo za mirija zaidi ya milioni 1 nchini kwa kubadilishana na zile za utambi, na baada ya miaka michache taa za LED zikazipiku zote. Hesabu ni rahisi: balbu ya utambi ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi, yuniti ikiwa ni kilowati-saa moja, ilhali LED ya wati 9 kwa saa zilezile hula yuniti moja na theluthi hivi.

Upande wa makaa ulikuwa na mageuzi yake, na pengine yaliyofaulu kuliko yote. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi na mashirika ya Kenya waliunda jiko la bati lenye kitako cha udongo wa kuchoma, wakichukua wazo kutoka majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo huo huzuia joto lisitoroke ubavuni, na jiko hutumia makaa pungufu kwa theluthi moja au zaidi likilinganishwa na jiko la chuma tupu. Kwa mpishi wa Mji wa Kale aliyekuwa na seredani ya udongo, kanuni yenyewe haikuwa ngeni. Kilichokuwa kipya ni wepesi wa kulibeba na kiuno chembamba kinachopunguza ukubwa wa kitako.

Gesi ya mitungi, inayotokana na mafuta na kugandamizwa hadi ikawa kimiminika, ilibaki kwa miongo mingi kuwa nishati ya wenye nafasi. Kila kampuni ilikuwa na vali yake, hivyo aliyenunua mtungi alifungwa kwa muuzaji mmoja. Kanuni za serikali za mwaka 2009 zililazimisha vali ya aina moja na ubadilishanaji wa mitungi kati ya kampuni, mnunuzi akapata uhuru wa kupeleka mtungi mtupu popote, na duka la mtaani likaweza kuweka mitungi ya kilo 6 na ya kilo 13 mlangoni. Tangu hapo bei imeyumba zaidi kwa kodi kuliko kwa kitu kingine kinachoweza kuamuliwa nchini: mwaka 2016 gesi iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, Julai 2021 ikarudishiwa kodi hiyo kwa asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena. Mafuta ya taa nayo yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwezi Septemba 2018, kwa hoja ya kuwazuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Hoja ilikuwa na ukweli, lakini mzigo wake uliangukia stovu za utambi za wapangaji wa chumba kimoja kabla ya kumgusa mlaghai yeyote.

Katika mazingira hayo, kuwa na mioto mitatu ni bima. Kodi ya gesi ikipanda, chai na mayai hubaki kwenye gesi kwa sababu ni kazi za dakika chache, na maharagwe hurudishwa kwenye makaa. Makaa yakiadimika, kama ilivyokuwa baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, mambo hugeuka. Anayekaanga viazi karai vya kuuza jioni huijua hesabu hii kwa undani kuliko mtu yeyote, kwa kuwa karai la mafuta linalopoa kati ya mteja na mteja huharibu biashara, na gesi inayoachwa iwake bila mteja huila faida.

Mita za kulipia kabla zilianza kusambazwa nchini mwaka 2009, na kwa namna fulani zilirejesha utaratibu wa enzi za debe: mtu hununua tokeni, yaani namba za kuingiza katika mita, kwa kiasi alichonacho mfukoni, na huona yuniti zikishuka. Deni la mwisho wa mwezi likatoweka. Tatizo la kipimo kidogo halikutoweka, kwani hadi mwaka 2018 kila kaya ilikatwa ada isiyobadilika ya shilingi 150 kwa mwezi, na aliyenunua tokeni ya shilingi 200 mwanzoni mwa mwezi alipata yuniti chache za kusikitisha. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka huo bei nafuu ya watumiaji wadogo ikapanuliwa hadi yuniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 kikomo hicho kilishushwa hadi yuniti 30, kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu.

Yuniti 30 ni kiasi cha kufikirika zaidi kuliko cha kuishi katika hali ya hewa ya Mombasa. Jokofu la kawaida hula takriban yuniti moja kwa siku, hivyo linaweza kumaliza kikomo chote lenyewe, na jokofu katika mitaa hii mara nyingi si anasa bali ni kitega uchumi cha mama anayeuza barafu za ukwaju na maji baridi mlangoni. Feni ya darini ya wati 70 ikizunguka saa 10 kwa siku hula yuniti 21 kwa mwezi. Nairobi, ambako usiku hauhitaji feni, kikomo hicho kina maana nyingine kabisa, na mpangaji wa bei aliyeitazama nchi kama hali moja ya hewa ameupendelea mji mmoja bila kukusudia. Upendeleo huo una historia: kwa miaka mingi orodha za bei zilikuwa na daraja maalumu la kupashia maji moto ya kuoga saa zisizo na msongamano, nafuu isiyo na faida kubwa kwa mji ambao maji ya bomba hutoka vuguvugu. Nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa familia kadhaa zinazochangia mita moja huathirika zaidi, kwani matumizi yao yakijumlishwa huvuka kila daraja, na kila familia hulipia yuniti zake chache kwa bei ya mtumiaji mkubwa.

Nyumba yenyewe, wakati huohuo, imekuwa ikibadilika kwa mwelekeo usiosaidia. Mabati yalichukua nafasi ya makuti, kwa sababu nzuri zikiwemo hatari ya moto na uhaba wa makuti yenyewe, na chumba kilicho chini yake kikawa na joto la adhuhuri. Kisha zikaja kuta za matofali ya saruji za inchi 6, slabu ya zege inayohifadhi joto hadi usiku wa manane, na madirisha ya vioo vya kusukuma ambayo nusu yake haifunguki. Ua wa nyuma, uliokuwa jiko na pia mlango wa kutokea hewa, umeezekwa ili kupata chumba cha kupangisha, jambo lisiloweza kulaumiwa katika kisiwa chenye uhaba wa ardhi, ingawa kila chumba kinachopatikana hivyo huzima upepo wa vyumba vingine vyote. Feni ikishindwa, hununuliwa kiyoyozi, na kiyoyozi kidogo cha takriban kilowati moja kikiendeshwa saa 8 kila usiku huweza kula yuniti 200 kwa mwezi au zaidi, kiasi kinachozidi mara sita kikomo cha bei nafuu.

Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ofisi ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya imeokoa milango ya nakshi na roshani ambazo zingekwisha kuwa kuni. Jitihada hiyo imejielekeza zaidi katika sura ya nje inayoonekana kutoka barabarani. Ukumbi unaopitisha upepo, ua ulio wazi na ukuta wa matumbawe usiopakwa saruji, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikipunguza gharama, viko ndani, na hatima yake huamuliwa na mwenye nyumba pamoja na fundi wake, kwa kuzingatia kodi ya chumba kipya na bei ya mfuko wa saruji kuliko tokeni za miaka 20 ijayo, ambazo kwa kawaida zitalipwa na mpangaji.